Ukungu Ndani ya Skrini ya Kompyuta

Masika yakishika kasi Bugomora, wilayani Kyerwa, unyevu hauachi hata kompyuta. Mvuke hupenya pembeni mwa skrini, ukanasa kati ya karatasi laini zinazosambaza mwanga nyuma ya kioo. Hapo hutokea mabaka meupe yasiyofutika kwa kitambaa.

Kuianika kompyuta juani ni kuiharibu zaidi. Izimwe, ichomolewe kwenye umeme, iachwe mahali pakavu penye hewa.

Mabaka yakibaki, waranti ndiyo tegemeo. Mteja apige picha, abebe risiti, wala asiifungue mwenyewe, asije akashukiwa kuimwagia maji: waranti nyingi hazihusu kompyuta iliyomwagikiwa maji, na baadhi ya mashine zina vibandiko vya ndani vinavyobadilika rangi vikilowa. Muuzaji akikaidi, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji.