Kabla ya kutuma pesa ya mbao, hesabu futi kwanza

Simu inalia ukiwa Eastleigh. Ni fundi wako wa Kutulo: "Bosi, mbao zimeisha na mabati bado hayajapanda. Tuma kidogo tu." Unatuma. Baada ya siku mbili anapiga tena.

Mara nyingi si wizi. Ni hesabu iliyofanywa kwa macho. Na Kutulo, kwenye barabara ya Wajir kwenda Elwak, mbao inatoka mbali. Vipande vichache vikipungua, unalipa mbao na usafiri mara ya pili, na mafundi wanakaa bure kivulini.

Tuchukue mfano: nyumba ya futi 30 kwa 24, paa la pande mbili, mbao za 4×2 za kubeba paa.

Pima mteremko, si sakafu. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba ni futi 12. Lakini mbao inapanda. Kama mgongo wa paa uko futi 5 juu ya ukuta, urefu wa mteremko ni futi 13. Huamini? Pima futi 12 chini na futi 5 ukutani, kisha vuta kamba kutoka ncha hadi ncha. Ongeza futi 2 za kutokeza nje ya ukuta: kila mbao ni futi 15.

Hesabu mbao, si nafasi. Fundi akiweka mbao kila futi 3, futi 30 zinatoa nafasi 10. Lakini mbao ni 11, kwa sababu mwanzo na mwisho zote zinahitaji mbao. Pande mbili ni 22.

Sasa linganisha. Aliyekadiria kwa macho amesema mbao 20 za futi 12, yaani futi 240. Hesabu sahihi ni 22 za futi 15, yaani futi 330. Ongeza mbili za akiba, kwa zitakazopasuka au kupinda, unafika futi 360. Tuseme futi moja ni shilingi 50 (bei ya mfano tu, ulizia ya kwenu). Ulipanga 12,000, kumbe kazi ni 18,000. Hiyo 6,000 ndiyo simu ya pili ya fundi.

Mbao za kushikilia mabati na zile za kufunga paa chini zihesabiwe vivyo hivyo, kila aina kwa mstari wake.

Agiza kwa vipande. Ukisema tu "nataka futi 360", unaweza kuletewa vipande vya futi 10 na fundi aanze kuunga mahali pa kubeba uzito. Sema: "Vipande 24 vya 4×2, futi 15 kila kimoja, zilizokauka na zenye dawa ya mchwa." Mbao mbichi kwenye jua la huku inajikunja.

Sasa pesa. Kama ni zamu yako ya ayuto, usiimalize kwa simu moja:

- Mwambie fundi akutumie orodha kwa SMS: saizi, urefu, idadi. Iwe maandishi, si maneno ya simu.
- Piga simu dukani mwenyewe, uulize bei ya orodha hiyo hiyo, pamoja na usafiri.
- Lipa kwenye till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Ufundi ulipwe kando.
- Elewana na mwenye duka: sehemu mbao zikipakiwa, salio zikihesabiwa kwenye ploti na mtu wako.
- Usifute ujumbe wa malipo. Mkibishana, ndio utaonyesha nani alilipwa, kiasi gani na lini.

Leo jioni, kabla ya kutuma chochote, muulize fundi swali moja: "Vipande vingapi, na kila kimoja futi ngapi?" Akisema "nyingi tu", pesa ibaki kwa simu yako hadi apime.