Uso Ukipinda Ghafla, Usichelewe

Mtu hulala akiwa mzima, kisha akaamka na kukuta mdomo umekwenda upande, jicho moja halifumbiki na chai inamwagika anapokunywa. Jirani husema ni upepo mbaya au amerogwa, na siku za thamani hupotea kwa waganga.

Mara nyingi huu ni ugonjwa wa Bell, ulioitwa kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Scotland wa karne ya 19. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ikivimba, hubanwa na upande huo wa uso hulegea. Virusi hushukiwa kuwa chanzo. Wajawazito na wenye kisukari huupata zaidi.

Je, si kiharusi? Katika kiharusi, mgonjwa kwa kawaida huweza kukunja paji la uso. Mwenye ugonjwa wa Bell hawezi kulikunja upande uliopooza. Hata hivyo, mwachie daktari aamue. Mkono ukilegea au maneno yakimshinda mgonjwa, mkimbize hospitalini mara moja.

Dawa ya prednisoloni husaidia hasa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Ni daktari anayepaswa kuiagiza, kwani huweza kupandisha sukari mwilini. Jicho nalo litiwe matone ya kulilainisha na lifungwe usiku, lisije likakauka na kuumia.

Wagonjwa wengi hupona katika wiki au miezi michache. Muhimu ni kuwahi.