Kutoka Rejista hadi Ripoti: Ufuatiliaji wa Miradi ya VVU na Kifua Kikuu Majimboni Kongo

Ufuatiliaji wa miradi ya VVU na kifua kikuu ni kazi ya kujua kama dawa na fedha za wafadhili zimemfikia mgonjwa, na kama mgonjwa huyo amepona au anaendelea vizuri na matibabu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mzigo wa kazi hiyo huangukia jimbo. Tangu mwaka 2015 nchi ina majimbo 26, kila moja na idara yake ya afya. Chini ya idara hizo kuna zoni za afya, zaidi ya 500 nchi nzima, na ndani ya zoni kuna vituo vinavyompokea mgonjwa. Kinshasa iko mbali mno na rejista ya kituo, na muuguzi wa kituo anawajua wagonjwa wake tu. Jimbo ndilo lililo karibu na rejista na papo hapo lina vituo vya kutosha kulinganisha.

Miongoni mwa wafadhili, wawili ndio wamekuwa wakubwa. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, hugharimia sehemu kubwa ya dawa na vipimo. PEPFAR, mpango wa Marekani wa mwaka 2003, ulielekeza nguvu zake Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Kila mfadhili huja na fomu zake na kalenda yake. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba, kwa hiyo robo ya kwanza ya PEPFAR ni robo ya nne ya serikali ya Kongo. Hata maana ya maneno hutofautiana: PEPFAR iliwahi kumhesabu mgonjwa wa VVU kuwa amepotea siku 90 baada ya kukosa miadi, kisha ikashusha muda huo hadi siku 28. Mabadiliko ya namna hiyo yanatosha kuongeza idadi ya waliopotea bila hata mgonjwa mmoja kubadili mwenendo. Afisa wa jimbo asiyeandika kando ya takwimu zake ni kipimo gani kilichotumika atasoma maafa pasipo na maafa.

Kwa kifua kikuu, njia ya kuhesabu ina historia yake Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Karel Styblo alishirikiana na mpango wa taifa wa Tanzania kujenga utaratibu wa kuwafuata wagonjwa kwa makundi: walioandikishwa katika robo moja ya mwaka huhesabiwa pamoja, kisha kila mmoja hutafutiwa matokeo yake. Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Hadi leo mgonjwa huandikwa kuwa amepona, amemaliza dawa, tiba imeshindwa, amefariki, amepotea, au matokeo yake hayajulikani.

Kundi hilo la mwisho ndilo linaloharibu hesabu. Tuseme zoni imeandikisha wagonjwa 120, na 90 kati yao wamepona au wamemaliza dawa. Mafanikio ni asilimia 75. Wakiondolewa kwenye hesabu wagonjwa 10 wasiojulikana waliko, mafanikio yanapanda hadi karibu asilimia 82, na ripoti inapendeza. Mpango mzuri wa jimbo hukataa hesabu hiyo na kuuliza watu hao 10 wako wapi.

Mara nyingi wamehama. Katika ukanda wa madini wa kusini, mchimbaji mdogo huanza dawa Kolwezi na kufuata kazi Likasi. Kabla ya 2015 miji yote miwili ilikuwa Katanga. Sasa Kolwezi iko Lualaba na Likasi iko Haut-Katanga. Asipopewa barua ya uhamisho, Lualaba itamwandika aliyepotea na Haut-Katanga itamwandika mgonjwa mpya, na taifa litakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Dawa hunywewa kwa miezi sita, na vumbi la migodini huongeza hatari ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mawasiliano kati ya waratibu wa majimbo hayo mawili ni sehemu ya tiba.

Kwa VVU shabaha inayotajwa ni 95-95-95: asilimia 95 ya wanaoishi na virusi wajue hali yao, asilimia 95 ya hao watumie dawa, na asilimia 95 ya wanaotumia dawa virusi viwe vimefubazwa. Ile ya kwanza haihesabiki kutoka kwenye rejista, kwa sababu asiyepimwa hamo humo. Hutegemea makadirio, nayo hulegea kadiri yanavyoshuka kutoka taifa kwenda jimbo. Ile ya tatu hudanganya kwa njia nyingine. Kama wagonjwa 1,000 wanatumia dawa, 400 wamepimwa wingi wa virusi, na 360 kati yao wako salama, asilimia 90 iliyoripotiwa ni ya waliopimwa tu. Hali ya wengine 600 haijulikani.

Ndiyo maana timu ya jimbo huenda vituoni, hufungua rejista na kuhesabu upya, kisha hulinganisha na kilichoingizwa katika DHIS2, programu ya takwimu inayotumiwa na wizara. Tofauti inayozidi asilimia 10 hudai maelezo. Ushahidi wa pili umo stoo. Kopo moja la vidonge 30 humtosha mgonjwa wa VVU mwezi mmoja, la vidonge 90 miezi mitatu. Makopo yaliyotoka yakiwa machache mno kuliko wagonjwa walioripotiwa, ama wagonjwa hawapo ama dawa haziwafikii. Kugundua hilo mapema kuna thamani kubwa kuliko ripoti kumi zilizowahi tarehe.

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, ilionekana wazi ni nani aliyekuwa akiulipia ufuatiliaji wenyewe: makarani wa takwimu, mafuta ya pikipiki, intaneti ya ofisi. Kazi iliyokuwa imeshikwa na wauguzi wa serikali, kwa rejista za wizara, ina nafasi ya kuendelea mradi unapofungwa. Iliyokabidhiwa kwa watu wa mradi pekee huondoka nao, na jimbo hubaki na wagonjwa bila kujua tena ni wangapi wanaokunywa dawa.