Je, Wajua: Injini ya Pikapu Inayofufua Magari ya Kale

Camaro ya 1967 iliyokaa miaka gerejini bila injini haihitaji injini ya Camaro. Mafundi wengi wa Marekani wanaofufua magari ya enzi hizo huingia kwenye yadi ya magari mabovu na kwenda moja kwa moja zilikopangwa pikapu: Chevrolet Silverado na GMC Sierra za kuanzia 1999, zilizomaliza umri wao zikibeba mbao na saruji. Wanachokitafuta ni injini ya lita 5.3, silinda nane, ambayo kiwandani iliitwa LM7.

Ukoo wake ni wa zamani. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 ndogo iliyobuniwa chini ya mhandisi mkuu wake, Ed Cole. Kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake palikuwa na inchi 4.4, yaani kama milimita 112. Injini hiyo ilipobuniwa upya kwa ajili ya Corvette ya 1997 karibu kila kitu kilibadilishwa, lakini nafasi ile iliachwa kama ilivyokuwa. Hata matundu ya boliti za kufungia giaboksi, karibu yote yanalingana na ya babu yake. Ndiyo maana injini ya pikapu, ya kizazi hichohicho kipya, huingia chini ya boneti ya gari lililoitangulia kwa miaka thelathini, ukishaitengenezea vishikizo vyake.

Kwa nini isichukuliwe ile ya Corvette yenyewe? Ile ina bloku ya alumini, ni nyepesi, na kila mtu anaitaka. LM7 ina bloku ya chuma cha kalibu na hedi za alumini, na kila kifuniko cha beringi kuu za krenki kimekazwa kwa boliti sita. Ilitengenezwa kwa kuvuta trela siku nzima, jua likiwaka. Kwangu mimi, gari la kale linalotaka kutembea barabarani, si kushangiliwa kwenye maonyesho tu, linastahili uvumilivu wa namna hiyo kuliko sifa za mbio.

Lakini usiamini maandishi ya ubavuni peke yake. Bloku imeandikwa 4.8 na 5.3 kwa pamoja, kwa kuwa injini hizo mbili zinatoka kwenye kalibu moja. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 96. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, milimita 83 kwa ile ndogo na 92 kwa ile kubwa. Kwa nje ni pacha. Kinachozitenga ni namba ya chasisi inayosomeka kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele: hesabu hadi herufi ya nane. T ni LM7 ya lita 5.3, V ni ya lita 4.8.

Baada ya jina, uliza gari lilikufaje. Hapa ndipo ninapowaonea huruma wanunuzi wa soko la vipuri la Grogan, Nairobi, ambao mara nyingi huikuta injini imeshang'olewa, haina gari la kuitolea ushahidi. Kwenye yadi gari zima lipo. Likiwa limegongwa nyuma, yaelekea injini ilikuwa inafanya kazi hadi dakika ile. Pikapu isiyo na mkwaruzo, yenye matairi mazuri, ndiyo ya kutiliwa shaka, maana kuna kitu kilichomfanya mwenyewe aitupe. Na ukikuta plagi zimeng'olewa na matundu yako wazi, nenda zako. Mvua imeshaingia kwenye silinda.

Fungua kifuniko cha oili. Utelezi mweupe kama maziwa unasema maji na oili vimekutana. Baadhi ya hedi za injini hizi, zenye nembo ya mtengenezaji Castech, zinajulikana kwa kupasuka na kuvujisha maji ndani taratibu, kwa hiyo tafuta nembo hiyo kabla ya kutafuta bei. Fungua filta ya oili, uikate, uitandaze karatasi yake juani. Vumbi linalometameta ni beringi zinazokwisha. Matoleo ya baadaye yanayozima silinda nne kuokoa mafuta yana tapeti zinazosumbua. LM7 haina mfumo huo.

Ukiichukua, chukua na nyaya zake zote, kompyuta yake, na pedali ya mafuta ikiwa ni ya umeme, kwa sababu vitu hivyo vinatambuana. Sampu iache. Ya pikapu ni ndefu mno, itaning'inia chini ya gari dogo na kugonga kila tuta.

Kabla ya kulipa, ng'oa plagi mwenyewe, tia soketi ya milimita 24 kwenye boliti ya puli ya krenki, uizungushe taratibu mizunguko miwili kamili. Isikwame popote. Weka kiganja karibu na matundu ya plagi: pumzi itatoka kwenye silinda moja, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi zote nane.