Mama Asiyemtazama Mwanawe

Anayeikuta kwa mara ya kwanza sanamu ya Kichokwe ya mama na mtoto huanza kutafuta mapenzi. Anatafuta shingo iliyoinama, macho yaliyomshukia mtoto, mkono unaobembeleza. Mara nyingi hakuti hata kimoja. Mama amesimama wima, magoti yamekunjwa kidogo, uso umeelekea mbele. Mtoto yuko mgongoni, mdogo kuliko anavyopaswa kuwa, naye hatazamwi. Wengi huhitimisha kwamba mchongaji hakuweza kuonyesha huruma. Kwa maoni yangu hakuikusudia. Alichokichonga ni haki ya kurithi.

Wachokwe wengi wako kaskazini-mashariki na mashariki mwa Angola, katika Lunda Norte, Lunda Sul na Moxico, na wengine wamevuka mipaka hadi Zambia na kusini mwa Kongo. Wa Kolwezi, huko Kongo, na vijiji vya jirani wengi wao ni wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama. Chifu, ambaye kwao huitwa mwanangana, hurithiwa na ndugu yake wa tumbo moja au na mtoto wa dada yake. Mwana aliyemzaa mwenyewe hana dai. Msomaji wa Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, aliyelelewa chini ya mamlaka ya mjomba, hahitaji kuelezwa zaidi. Katika mpangilio kama huo, mwanamke aliyebeba mtoto ndiye hati ya kumiliki kiti. Ukimwondoa, chifu anabaki mtu mwenye bunduki tu.

Hadithi ya asili yao nayo inaanzia kwa mwanamke. Inasimuliwa kwa namna nyingi, kwa Walunda na Wachokwe vilevile, lakini kiini chake hakibadiliki sana. Chifu mmoja mzee wa Lunda alikuwa anasuka mkeka, na kando yake kuna chungu cha maji ya kulowekea ukindu. Wanawe wawili, Chinguli na Chinyama, wakarudi wamelewa, wakayaona maji yale meupe, wakadhani ni pombe ambayo baba anawanyima. Wakampiga. Mzee akawakataa, na lukano, bangili ya mishipa ya binadamu ambayo ndiyo alama ya utawala, akampa binti yake Lweji. Baadaye akaja mwindaji kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga, Lweji akaolewa naye. Alipokuwa hedhini, muda ambao hakuruhusiwa kuigusa bangili ile, akamvisha mumewe. Ndugu zake hawakuvumilia kutawaliwa na mgeni. Wakaondoka na wafuasi wao kuelekea magharibi na kusini, na kutokana na watu hao ndipo machifu wa Kichokwe wanapohesabu nasaba yao.

Kuna sehemu ya hadithi hiyo ambayo wasimulizi wa majumba ya makumbusho huiruka. Kwa mapokeo ya Walunda, Lweji hakuzaa. Alimtafutia mumewe mke mwingine, Kamonga, na huyo ndiye aliyemzaa mrithi, ambaye uzao wake ulichukua cheo cha Mwata Yamvo, yaani mfalme wa Walunda. Katika jumba la kifalme la Walunda wanawake wote wawili waligeuzwa vyeo: mmoja, Swana Mulunda, anasimama mahali pa Lweji kama mama wa watu wote, mwingine, Lukonkeshia, anasimama mahali pa mama wa mfalme. Anayeshika cheo si lazima awe amemzaa mfalme aliyepo. Basi mama wa kwanza wa taifa lile ni mgumba, na mama wa mfalme ni ofisi inayojazwa mwenye nayo akifa. Sioni ufunguo bora kuliko huu wa kuzisoma sanamu zenyewe. Mchongaji hahitaji sura ya mwanamke fulani aliyelala na mtoto wake usiku; anahitaji mtu anayekalia nafasi.

Na nafasi hiyo ameipamba. Marie-Louise Bastin, Mbelgiji aliyeanza kuzichunguza kazi hizi huko Dundo katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya uchongaji wa Kichokwe mwaka 1982, alitenganisha mikono miwili, yaani mitindo miwili ya wachongaji. Wa kwanza ni wa nchi ya asili, kusini, uliofanya kazi kwa machifu hadi karibu 1860: misuli imejaa, mikono na miguu ni mikubwa kupita kiasi, kucha zimechongwa moja moja, macho yamefumba nusu ndani ya vishimo vipana, na wakati mwingine nywele halisi zimepandwa kichwani. Chale za usoni nazo zimo, msalaba wa paji la uso na mistari ya machozi chini ya macho, zilezile zinazoonekana kwenye kinyago maarufu zaidi cha Kichokwe, Mwana Pwo. Mkono wa pili ni wa kaskazini, wa wakati wa kutawanyika. Umbo limerahisishwa, nguvu imepungua, na sanamu nyingi ni ndogo.

Kilichotokea katikati ni biashara. Katika miaka ya 1830 Ureno ilifuta ukiritimba wa pembe za ndovu, bei ikapanda, na Wachokwe walikuwa wawindaji hodari wa tembo na warina wa nta. Baadaye ukaja mpira. Bunduki na nguo walizozipata walizigeuza kuwa wanawake: walionunuliwa, waliowekwa rehani, waliotekwa. Katika miaka ya 1880 waliivamia hata Musumba, makao ya Mwata Yamvo. Hesabu yenyewe ni kali. Mwanamke aliyeng'olewa kwao hana kaka wa kuja kudai watoto, kwa hiyo watoto wake wanabaki kwa mumewe na kuongeza watu wake, jambo ambalo mke huru asingeliruhusu. Kwa njia hiyo watu wa chifu mmoja wangeweza kuongezeka haraka. Sijui kama tunaweza kuitazama sanamu ya mama ya miaka hiyo bila kuuliza mama wa aina gani alistahili kuchongwa, na ni wa aina gani alibeba watoto wale wengine.

Machifu walijua thamani ya mama kama alama. Viti vyao, vilivyoigwa kutoka viti vya Wareno na kupigiliwa misumari ya shaba, vimejaa watu wadogo kwenye vijiti vinavyounganisha miguu: wavulana wa mukanda, yaani jando lao, wachukuzi, wanawake wakitwanga, wanawake wakijifungua. Mwenye kiti anakalia haya yote.

Mbali na ukumbi wa chifu, kulikuwa na sanamu nyingine za mama, za kawaida zaidi, na hizo ziliguswa na kutumika. Mwanamke asiyeshika mimba, au anayezika watoto, alipelekwa kwa mganga wa ngombo, anayetikisa kikapu chenye vipande vingi na kusoma vilivyojitokeza juu. Mganga akiitaja hamba, yaani mzimu unaodai kukumbukwa, dawa mara nyingi ilihitaji kichongwe kitu, kiwekwe karibu na nyumba, kilishwe na kupakwa. Vingine vidogo vilivaliwa mwilini. Mzimu huo mara nyingi ni wa upande wa mama. Hata hapa, kwenye maumivu ya mtu mmoja, swali linarudi kwenye ukoo: nani wa huko nyuma amesahauliwa.

Leo mtazamaji hukutana na sanamu hizi zikiwa zimetengwa na nyumba na viti vyake. Jumba la makumbusho la Dundo, lililoanzishwa mwaka 1936 na kampuni ya almasi ya Diamang, lilikuwa na mkusanyo mkubwa, pamoja na maandishi ya safari za kukusanya, mengi yakiwa ya José Redinha. Wakati wa vita vya Angola, vilivyokwisha mwaka 2002, vitu vingi viliibwa na kuishia sokoni Ulaya. Mkusanyaji kutoka Kongo, Sindika Dokolo, ambaye utajiri wake wenyewe ulizua maswali Angola, alianza kuvifuatilia na kuvirudisha kabla ya kifo chake mwaka 2020. Picha za zamani za Dundo ndizo ushahidi unaoweza kumbana muuzaji. Sanamu isiyo na picha wala maandishi bado inaweza kutambuliwa kwa magoti na kucha kwamba ni ya kusini au ya kaskazini. Kama ilikaa kando ya chifu au kando ya mwanamke aliyezika watoto, mti peke yake hausemi.