Je, Wajua? Theluji ya Machipuko Ina Saa Yake

Kati ya Machi na Mei, pwani yetu ikiloa kwa masika, milima ya Alps huko Ulaya huwa katika majira ya kuchipua. Mchana unarefuka, jua linakuwa kali, lakini theluji iliyorundikana tangu Desemba bado ni nene. Hapo ndipo watelezi wa skii hupanda sehemu zisizo na lifti wala walinzi. Je, wajua kwamba…

…mteremko mmoja huwa na tabia tatu kwa siku moja? Theluji iliyolowa mchana huganda usiku ikawa ngumu kama sakafu, na alfajiri mtu hutembea juu yake bila kuzama. Jua likipanda, sehemu ya juu hulainika ikawa punjepunje kama chumvi ya mawe, na hapo ndipo utelezi unapokuwa mtamu. Ikiachwa saa chache zaidi huwa uji, na uji haushiki mlima. Ndiyo maana wanaopita njia ya Haute Route, kutoka Chamonix hadi Zermatt, hutoka kwenye vibanda vya kulala kabla hakujapambazuka ili wafike kabla ya jua la mchana.

…usiku wa mawingu huwatia watelezi wasiwasi kuliko usiku wa nyota? Anga ikiwa wazi, joto la theluji hupotelea juu, nayo huweza kuganda hata kama hewa yenyewe haijafika nyuzi sifuri. Mawingu yakitanda, hulirudisha joto kama blanketi. Asubuhi theluji huamka ikiwa laini, na hatari ya maporomoko iko tayari kabla ya chai.

…hatari huzunguka mlima pamoja na jua? Huanzia miteremko ya mashariki asubuhi, ikahamia ya kusini, kisha ya magharibi alasiri. Mwenyeji mzoefu hupanga njia yake akiukimbia mwanga.

…mteremko mkali kupita kiasi si lazima uwe ndio wa kuogopwa zaidi? Mabamba mengi ya theluji huporomoka kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Ikizidi hapo, theluji huteleza kidogo kidogo kabla ya kurundikana.

…poromoko la theluji iliyolowa si la kasi sana, lakini ni zito? Theluji kavu ya unga huweza kufikia kilomita 300 kwa saa. Iliyolowa maji hushuka polepole zaidi, ikang'oa miti na kusukuma mawe, na ikisimama hukaza kama zege.

…kupiga kelele hakuangushi theluji? Ni hadithi ya sinema tu. Sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Katika ajali nyingi kinachovunja tabaka dhaifu lililojificha chini ni uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenzake. Wakati mwingine theluji hutoa mguno mzito chini ya miguu, na anayeijua hugeuza hapo hapo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

…mvua ni adui mkubwa wa theluji? Tarehe 1 Machi 1910 huko Wellington, jimbo la Washington nchini Marekani, treni mbili zilikuwa zimekwama kwa siku kadhaa kwa sababu ya theluji. Kisha ikaja mvua yenye radi. Mlima uliachia usiku, ukazisukumia treni zote bondeni, na watu 96 wakafa.

…Afrika nayo ina mkono wake? Vumbi la Sahara huvuka Bahari ya Mediterania na kuipaka theluji ya Alps rangi ya chungwa. Theluji nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Ikichafuka hunyonya joto, ikayeyuka mapema.

…mwokozi wako ni yule unayetembea naye? Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi, maana wengi hufa kwa kukosa hewa. Nusu saa ikipita, nafasi hiyo huwa imeshuka chini ya nusu, na helikopta mara nyingi haijafika. Kwa hiyo kila mmoja hubeba kifaa kidogo cha redio kinachoonyesha alipofukiwa mwenzake, fimbo ndefu ya kupapasia, na koleo. Mtu mwenye vyote hivyo akienda peke yake, hakuna wa kumchimbua.