Uteuzi wa Majaribio ya Kitakwimu katika Kutathmini Elimu ya Afya: Mfano wa Udhibiti wa Tegu wa Nguruwe katika Kata ya Tingi, Wilaya ya Nyasa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mtafiti anavyoweza kuteua jaribio la kitakwimu linalofaa anapotathmini programu ya elimu ya afya. Hoja kuu ni kwamba jaribio haliteuliwi kwa mazoea, bali huamuliwa na namna data zilivyokusanywa: kilichopimwa ni cha aina gani, nani alipimwa na mara ngapi, elimu ilitolewa kwa mtu mmojammoja au kwa kijiji kizima, na je, lilikuwapo kundi la kulinganisha? Kwa ufafanuzi, tunatumia mfano wa elimu ya kudhibiti tegu wa nguruwe katika kata ya Tingi, Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma. Idadi za kaya katika sehemu ya 3.0 ni za kubuni, nazo zimewekwa kwa ajili ya kuonesha ukokotoaji tu.

2.0 Muktadha wa Tatizo

Tegu wa nguruwe (Taenia solium) huishi katika utumbo wa binadamu. Mtu mwenye tegu akijisaidia vichakani, mayai huenea katika mazingira, nguruwe anayezurura huyala, na lava hujijengea vifuko katika nyama yake. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva vizuri, hupata tegu. Akimeza mayai yenyewe kupitia chakula, maji au mikono michafu, lava huweza kufika kwenye ubongo na kumsababishia kifafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa maradhi haya yapo miongoni mwa nguruwe wa Wilaya ya Nyasa. Kwa hiyo, elimu katika eneo kama Tingi hulenga mambo matatu: kutumia choo, kufungia nguruwe bandani, na kupika nyama hadi iive. Mtathmini anayehitimisha kimakosa kwamba elimu haikufaa anaweza kusababisha programu yenye manufaa ifutwe. Anayehitimisha kimakosa kwamba ilifaa huacha familia katika hatari ileile.

3.0 Maswali Manne ya Uteuzi

3.1 Kilichopimwa ni cha aina gani?

Alama za maarifa, tuseme kati ya 0 na 20, ni kipimo cha namba, nazo zinaweza kulinganishwa kwa wastani. Kuwa au kutokuwa na banda ni jibu la ndiyo au hapana. Hapa hulinganishwa uwiano. Majibu ya mtazamo, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", yana mpangilio lakini umbali kati ya jibu moja na jingine haujulikani; majaribio yanayotumia nafasi za majibu, kama ya Wilcoxon na Mann-Whitney, huyafaa zaidi. Idadi ya maambukizi mapya katika kipindi fulani huhitaji modeli ya hesabu ya matukio, kama ya Poisson.

3.2 Je, waliopimwa ni walewale?

Kosa linalojitokeza kwa urahisi katika tathmini za kabla na baada ni kuwapima watu walewale mara mbili, kisha kuwachambua kana kwamba ni makundi mawili yasiyohusiana. Tuchukue kaya 60. Kabla ya elimu, kaya 24 (asilimia 40) zilifungia nguruwe. Baada ya elimu, kaya 33 (asilimia 55). Mtafiti akitumia jaribio la kai mraba la makundi huru atapata 2.71, ambayo ni chini ya kikomo cha 3.84 (p = 0.10). Atahitimisha kuwa hakuna ushahidi wa mabadiliko.

Hata hivyo, kaya hizo ni zilezile. Jaribio linalostahili ni la McNemar, ambalo huangalia waliobadilika tu. Tuseme kaya 12 zilianza kufungia na kaya 3 ziliacha. Tofauti ya 12 na 3 ni 9; mraba wake, 81, ukigawanywa kwa 15, hutoa 5.40. Kwa kuwa waliobadilika ni wachache, inafaa kutumia ukokotoaji kamili wa binomia, ambao hutoa p = 0.035. Data ni zilezile, lakini hitimisho limegeuka. Kwa kipimo cha namba, kanuni ni ileile: jaribio la t la jozi hutumika iwapo tofauti za alama zimetawanyika kwa ukaribu na mgawanyo wa kawaida, na la Wilcoxon la jozi iwapo sivyo. Watu wakiwa tofauti kabla na baada, hutumika jaribio la t la makundi huru au la Mann-Whitney.

3.3 Elimu ilitolewa kwa kaya au kwa kijiji?

Elimu ya afya aghalabu hutolewa kijiji kizima, katika mkutano wa hadhara, shuleni au zahanati. Majirani husikia mafunzo mamoja na huigana. Hivyo majibu yao hayajitegemei. Athari hii hukadiriwa kwa kanuni 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya kaya katika kila kijiji na ρ ni kiwango cha kufanana kwa kaya za kijiji kimoja. Kwa kaya 20 kutoka kila kijiji na ρ ya 0.05, jibu ni 1.95. Kaya 240 za vijiji 12 hubeba taarifa sawa na kaya zipatazo 123 zilizoteuliwa bila kujali vijiji. Mtafiti anayepuuza jambo hili hupata thamani ya p iliyo ndogo kuliko inavyostahili. Suluhisho ni kutumia modeli mseto inayotambua kijiji, au kulinganisha wastani wa vijiji vyenyewe.

3.4 Je, kuna kundi linganishi?

Katika maeneo mengi ya vijijini nchini, nguruwe hufungwa wakati wa kilimo ili wasiharibu mazao, kisha huachiwa baada ya mavuno. Tathmini inayopima kabla ya elimu mwezi Agosti na baada ya elimu mwezi Februari itaonesha ongezeko la nguruwe waliofungwa hata kama hakuna somo lolote lililotolewa. Jaribio la McNemar litathibitisha kuwa mabadiliko yapo. Halitasema yaliletwa na nini. Tiba yake imo katika usanifu: kupima msimu uleule, na kuwa na vijiji ambavyo havijapata elimu ili mabadiliko ya pande mbili yalinganishwe.

4.0 Funzo kutoka Mbulu

Utafiti wa Helena Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulitathmini elimu ya aina hii katika Wilaya ya Mbulu kwa kugawa vijiji kwa bahati nasibu. Pamoja na kuuliza maswali na kukagua ufugaji, watafiti walifuatilia maambukizi kwa nguruwe waliowekwa katika kaya kama vipimo. Ufugaji ulioonekana kwa macho haukuboreka waziwazi, lakini ulaji wa nyama yenye lava, kwa maelezo ya wanakaya, ulipungua, na kasi ya maambukizi mapya ya nguruwe ilipungua kwa takriban asilimia 43. Laiti kingepimwa kipengele kimoja tu, picha ingekuwa pungufu. Maarifa, mwenendo na maambukizi ni matokeo matatu tofauti, na kila moja lina jaribio lake.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba jaribio litajwe katika pendekezo la utafiti kabla ya dodoso la kwanza kujazwa, pamoja na tokeo kuu moja litakalobeba uamuzi. Aidha, sura ya matokeo ioneshe ukubwa wa mabadiliko na mipaka ya makadirio yake, badala ya thamani ya p pekee. Kwa mtahini, swali la kuanzia ni jepesi: je, jaribio lililotumika linalingana na namna watu hawa walivyopimwa? Likijibiwa vyema, mkulima wa Tingi aliyetoa muda wake kujibu maswali atakuwa ametendewa haki, kwani uamuzi utakaofanywa juu ya afya ya familia yake utakuwa na msingi.